Ufunguo Chini ya Jiwe

Aghalabu tunapozungumzia utamaduni wa taifa letu, mawazo yetu hukimbilia ngoma, mashairi na vinyago. Lakini utamaduni umo pia katika vitu vidogo ambavyo mkono huvigusa kila siku bila moyo kuvitafakari. Kimojawapo ni ufunguo wa nyumba, na hasa ule ufunguo wa akiba ambao mwenye nyumba huuficha nje, ili siku ya dhiki apate njia ya kuingia kwake. Katika makala haya tutautazama ufunguo huo katika Mwanza, mji wa majabali kando ya Ziwa Victoria.

Hapo kale kaya ya Msukuma haikuwa na haja ya ufunguo. Ilizungukwa na ua wa minyaa, ng'ombe wakalala ndani ya ua huo, na mlango wa msonge ukazuiwa usiku kwa gogo kutoka ndani. Wanafunzi wetu na wazingatie maneno hayo: kutoka ndani. Gogo humlinda aliyemo, halimfai aliyeondoka. Hata hivyo lilitosha, kwa kuwa kaya haikuachwa tupu. Vijana walipokwenda kuchunga na akina mama kulima, hakukosekana bibi au babu kivulini, wala mtoto wa kumwambia mgeni kwamba wenyewe wako shambani.

Kufuli ni mgeni kwetu. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, nasi wa bara tumelipokea pamoja na Kiswahili. Lakini kilicholeta haja ya kufuli si neno, bali ni maisha mapya. Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928. Pamba ikastawi, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima vikaungana kuwa shirikisho moja la kanda ya ziwa. Watu wakaja kutafuta kazi, wakajenga na kupanga vyumba katika miteremko, katikati ya majabali. Baba akaenda kazini, mama sokoni, watoto shuleni. Nyumba ikabaki peke yake mchana kutwa. Na kwa kuwa ufunguo ulikuwa mmoja na wenye kurudi ni wengi, tena kwa saa mbalimbali, ilibidi patafutwe mahali pa kuuweka. Mvuvi wa dagaa, aendaye ziwani na taa yake usiku usio na mbalamwezi, hakupenda kuuchukua mtumbwini, maana ufunguo ulioanguka ziwani haurudi.

Mahali pa kuuficha palikuwa tayari, nalo ni jiwe. Kuficha vizuri, hata hivyo, ni kazi ya fundi. Huchukuliwa kopo dogo lenye kifuniko cha kukaza, na juu ya kifuniko hicho hugandishwa kwa saruji kipande cha jiwe la matale. Kipande hicho kiwe kimeokotwa papo hapo, wala kisivunjwe upya, kwani jiwe lililovunjwa leo lina uso mweupe unaong'aa, hali wenzake wamekwisha kupigwa na jua na mvua wakafifia. Kopo hufukiwa hadi shingoni, chini yake zikitandazwa kokoto ili maji yapenye, na ufunguo huvikwa kitambaa kilichopakwa mafuta usije ukashika kutu. Mwisho huchaguliwa mahali mbali na kizingiti, pasipo na njia. Kwa maana nyayo zinazorudi kila siku penye jiwe moja huandika habari ambayo mwizi huisoma bila kufundishwa.

Sisi wenyewe tulijifunza jambo hili kwa hasara. Tulipokuwa vijana katika utumishi wa serikali tulipanga chumba mtaa wa Mabatini, tukaficha ufunguo wetu kwa ustadi tuliojivunia, tena kwa siri. Hata bibi mzee wa chumba cha jirani hatukumwambia. Siku moja tuliporudi kutoka safari ya kazi Ukerewe, tulikuta kufuli limefungwa, ufunguo umo mahali pake, lakini redio na nguo zetu hazipo. Tulimwendea bibi yule, tukamwamkia na kumwuliza kama ameona mtu. Akatujibu:

"Nilimwona kijana, wajukuu zangu. Aliinua jiwe, akatoa ufunguo, akafungua. Nikasema moyoni, huyu ametumwa na wenyewe, maana anajua mahali ambapo mimi sipajui."

Tukanyamaza. Tulikuwa tumemficha mlinzi, na mwizi akaona.

Kisa hicho kinatufunulia jambo ambalo historia ya kanda hii inalithibitisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, wanavijiji hawakukimbilia makufuli. Waliunda sungusungu, na mwano ulipopigwa kila mtu aliitika. Njia zao nyingine zilizusha malalamiko, na si zote tunazozisifu. Lakini msingi wao ulikuwa ule ule wa kaya ya kale, yaani macho ya wengi.

Mwanza ilipata hadhi ya jiji mwaka 2000, na nyumba zinazoachwa tupu mchana ni nyingi kuliko zamani. Hatusemi kwamba watu watupe makufuli yao. Tunasema kwamba anayeficha ufunguo hana budi kuchagua pia mtu wa kumwambia. Wahenga walisema, heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Na lugha yetu imekwisha kutukumbusha: ufunguo haukupewa jina kwa kufunga, bali kwa kufungua.