Kufunga amplifaya ya gari: fyuzi kwanza, muziki baadaye

Amplifaya huongeza nguvu ya sauti inayotoka kwenye redio kabla haijafika kwenye spika. Unaweza kuifunga mwenyewe, lakini waya mmoja ukikosewa gari linaweza kuungua. Fuata hatua hizi:

1. Zima gari, kisha fungua terminali hasi (–) ya betri.

2. Vuta waya mnene kutoka chanya (+) ya betri hadi kwenye amplifaya. Weka fyuzi karibu na betri, isizidi sentimita 45. Waya ukichubuka na kugusa bodi, fyuzi itakatika kabla waya haujashika moto. Pale waya unapopita kwenye tundu la bati, weka raba.

3. Waya hasi uwe mfupi na unene uleule. Kwangua rangi ya bodi mpaka chuma kionekane, kisha kaza kwa bolti.

4. Waya mwembamba wa kuwashia utoke kwenye redio, ili ukizima redio amplifaya nayo izime. Vinginevyo asubuhi utakuta betri imelala.

5. Waya za sauti zipite upande mwingine wa gari. Zikikaa na waya wa umeme, utasikia mlio unaopanda ukikanyaga mafuta.

6. Rudisha hasi ya betri mwisho. Anza na sauti ya chini.

Fyuzi ikikatika, msikilizaji, usiibadilishe kwa kipande cha waya. Tafuta kwanza kilichoikata.