Padri aliyelipia Mababa wa Kanisa kwa nia za misa

Tarehe 24 Oktoba 2025 ilitimia miaka 150 tangu padri Jacques-Paul Migne afariki dunia jijini Paris. Nje ya seminari na vyuo vya teolojia jina lake halijulikani sana. Ndani ya vyuo hivyo, ni vigumu kumaliza tasnifu juu ya Mababa wa Kanisa bila kumtaja, hata kama mwandishi hana habari kwamba anamtaja. Zile herufi PL na PG zilizojaa kwenye tanbihi ni kazi ya mikono yake.

PL ni Patrologia Latina, juzuu 221 za waandishi wa Kikristo waliotumia Kilatini, kuanzia Tertuliani hadi Papa Inosenti III aliyefariki mwaka 1216. PG ni Patrologia Graeca, juzuu 161 za Kigiriki zenye tafsiri ya Kilatini pembeni, zinazofika hadi karne ya 15. Juzuu 217 za kwanza za Kilatini zilitoka kati ya 1844 na 1855. Anayejua adha ya kuchapisha kitabu kimoja kwa wakati ataelewa maana ya hesabu hiyo.

Msomaji wa Afrika ana sababu yake mwenyewe ya kuzifungua. Juzuu ya kwanza inaanza na Tertuliani wa Karthago, mtu anayeitwa baba wa teolojia ya Kilatini. Ya nne ni ya Sipriani, askofu wa mji huohuo. Augustino wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba nchini Algeria, amejaza juzuu kumi na sita peke yake, kuanzia ya 32 hadi ya 47. Maktaba hii imefunguliwa mlango na Waafrika, jambo ambalo mihadhara mingi hulipitia haraka kana kwamba Karthago ilikuwa kitongoji cha Roma.

Migne alizaliwa Saint-Flour, kusini mwa Ufaransa ya kati, mwaka 1800, akapadrishwa mwaka 1824 katika jimbo la Orléans. Alikosana na askofu wake, akahamia Paris mwaka 1833 na kuanzisha gazeti. Mwaka 1836 akafungua kiwanda cha uchapaji Petit-Montrouge, nje kidogo ya jiji. Hapo ndipo kisa kinapoanza kunoga, hasa kwa jinsi kinavyosimuliwa na msomi Mmarekani R. Howard Bloch katika kitabu chake cha mwaka 1994. Bloch amemwita Migne mwizi wa maandishi aliyewaibia watu kwa ajili ya Mungu, na ukimsoma utaona kwamba anamcheka na kumvulia kofia kwa pamoja.

Kiwanda kilikuwa na mitambo ya mvuke na mamia ya wafanyakazi. Miongoni mwao walikuwamo mapadri waliosimamishwa na maaskofu wao, watu wenye Kilatini safi na mfuko mtupu, waliokubali kusahihisha kurasa kwa ujira mdogo. Polisi wa Paris waliwawekea jicho. Migne hakuishia kwenye vitabu. Aliuza vinanda vya kanisani, sanamu na picha za kuchora. Magazeti yake aliyajaza kwa habari alizokata kwenye magazeti ya wengine. Kwa hesabu ya Bloch, kiwanda hicho kilitoa wastani wa juzuu moja kila siku kumi kwa miaka thelathini.

Maandishi yenyewe ya Mababa aliyapata wapi? Aliyachukua yalikokuwa. Juzuu za Augustino, kwa mfano, ni chapa ya watawa Wabenediktini wa shirika la Mtakatifu Mauro iliyotoka Paris kati ya 1679 na 1700, ikachapwa upya kwa herufi ndogo. Mbenediktini Jean-Baptiste Pitra, ambaye baadaye alifanywa kardinali, ndiye aliyemsaidia kuchagua chapa bora zaidi zilizokuwepo. Migne hakuwa mhakiki wa miswada, wala hakujifanya hivyo. Shabaha yake ilikuwa kumfikishia padri wa kijijini maktaba ambayo hapo kabla ilikuwa ya watawa na matajiri.

Tatizo ni kwamba padri wa kijijini hakuwa na fedha. Suluhisho la Migne ndilo lililomfikisha pabaya.

Katika Kanisa Katoliki, muumini hutoa sadaka ili misa iadhimishwe kwa nia yake: kumwombea marehemu, mgonjwa, safari. Padri hapokei sadaka mbili kwa misa moja, kwa hiyo parokia za mjini zilirundikiwa nia ambazo mapadri wake wasingeweza kuzimaliza, na ziada ilipelekwa kwa mapadri wa kwingine. Migne akajiweka katikati. Nia za misa alizikusanya pamoja na fedha zake, akazigawa kwa mapadri maskini, nao wakasoma misa na kulipwa vitabu. Fedha ilibaki kiwandani ikinunua karatasi na risasi ya herufi. Kila upande ulipata kitu: marehemu misa, padri vitabu, Migne mtaji usio na riba. Mfanyabiashara angepiga makofi. Maaskofu walinusa biashara ya vitu vitakatifu.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1868 kiwanda kikashika moto. Mabamba ya chapa ya risasi, ambayo yangewezesha kuchapa tena juzuu yoyote bila kupanga herufi upya, yaliyeyuka. Hasara ilitajwa kuwa mamilioni ya faranga, na kampuni za bima zikabishana naye hadi akaambulia kiasi kidogo tu. Kilichowaumiza wasomi zaidi ni kuungua kwa faharasa ya mfululizo wa Kigiriki, iliyokuwa haijatoka. Baada ya hapo mambo yalimwendea kombo moja baada ya lingine. Askofu Mkuu wa Paris, Georges Darboy, alimkataza biashara, akamsimamisha huduma ya kipadri. Vita vya 1870 dhidi ya Waprusia vikaongeza hasara. Mwaka 1874 Roma ikatoa hati ya kulaani matumizi ya sadaka za misa kununulia vitabu. Mwaka uliofuata Migne akafa, na mwaka 1876 mali ya kiwanda ikaangukia mikononi mwa wachapishaji Garnier.

Faharasa ya Kilatini, kwa bahati, ilikuwa imekwisha kutoka kati ya 1862 na 1865, juzuu nne zenye orodha 231: kwa mwandishi, kwa karne, kwa mada, kwa kifungu cha Biblia. Migne alijigamba kwamba watu hamsini walifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Tuchukue majigambo yake kwa tahadhari, lakini wazo lake ndilo hilo linaloendesha maktaba za kidijitali leo: vitabu vingi bila njia ya kutafuta ndani yake ni mzigo tu. Faharasa ya Kigiriki ilingoja hadi 1912, Ferdinand Cavallera alipotoa yake.

Kompyuta ilipokuja, wa kwanza kuingizwa humo walikuwa Wagiriki. Mradi wa Thesaurus Linguae Graecae ulianza mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, na tangu 2001 unapatikana kwenye mtandao. Patrologia Latina ilichapwa upya yote kidijitali na kampuni ya Chadwyck-Healey katikati ya miaka ya 1990, ikauzwa kwenye diski kwa makumi ya maelfu ya dola. Vitabu vilivyokusudiwa padri asiye na senti vikawa mali ya vyuo vikuu tajiri. Baadaye juzuu zilizoskaniwa zilimwagika bure mtandaoni, na leo mwanafunzi wa Morogoro mwenye bando anaweza kupakua Augustino mzima kabla ya chakula cha jioni.

Hapo ndipo uzembe wa siku hizi unapojitokeza. Mwanafunzi anaandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, anapata sentensi katika juzuu ya 39, anaandika kwamba Augustino alisema hivyo. Kumbe mwishoni mwa juzuu hiyo kuna nyongeza ya mahubiri ambayo wahariri wa karne ya 17 walikwisha kusema si ya Augustino. Mengi ni ya Sesari, askofu wa Arles, na mtawa Germain Morin aliyachapisha kwa jina la mwenyewe mwaka 1937. Kwenye karatasi, kichwa cha ukurasa kinakuonya. Kwenye matokeo ya utafutaji, onyo hilo mara nyingi halionekani.

Dawa ipo tangu 1951, nayo ni Clavis Patrum Latinorum ya Eligius Dekkers, mtawa wa Steenbrugge nchini Ubelgiji. Inaipa kila kazi ya mwandishi wa Kilatini wa zama za Mababa namba yake, inataja chapa iliyo bora, inatenga ya kweli na ya kusingiziwa. Wagiriki walipata yao kutoka kwa Maurice Geerard kuanzia 1974. Vitabu hivi havina mvuto wowote wa kusoma kitandani, na pengine ndiyo sababu walimu wengi huvitaja katika wiki ya kwanza ya muhula kisha wakavisahau.

Kuna mtego mwingine, na unamhusu Tertuliani yuleyule wa mwanzo. Migne hakuhesabu kurasa. Kila ukurasa una safu mbili na kila safu ina namba yake, ndiyo maana PL 32, 659 inakupeleka pale Maungamo ya Augustino yanapoanzia. Lakini chapa za baadaye, pamoja na zile za Garnier baada ya moto, zilipangwa upya, na katika baadhi ya juzuu namba za safu zilihama. Juzuu ya kwanza ni mojawapo. Skani za bure mtandaoni zinachanganya chapa hizo bila kusema, kwa hiyo anayefuata rejea ya Tertuliani na kukuta maneno mengine kabisa asikimbilie kumlaumu aliyeandika tanbihi. Aangalie kwanza mwaka kwenye ukurasa wa jina: 1844, au 1879?