Msichana, Shule na Mpira: Somo Tulilolipata kwa Kuchelewa

 

Katika kijitabu hiki mtasoma habari za hisa, mikopo, mashine ya kusaga na nyumba za bati. Lakini kamati iliona lazima iwepo na habari moja ya kosa letu, maana kikundi kinachoandika mazuri yake tu kinajidanganya chenyewe. Habari hiyo ni ya mpira wa miguu wa wasichana. Tunajua wapo watakaouliza, akina mama wa kuweka akiba na mpira wapi na wapi? Tunawaomba msome mpaka mwisho.

Kosa lenyewe

Mwaka 2018 kikundi kilikuwa na miaka mitatu. Tulikuwa na sanduku letu la kufuli tatu, na tulikutana kila Jumamosi hapa Bariadi kama tunavyokutana mpaka leo. Mwezi wa tano mwenzetu mmoja alisimama akaomba mkopo wa shilingi 85,000. Binti yake wa kidato cha pili alikuwa amechaguliwa kwenye timu ya mpira ya UMISSETA. Alitakiwa apate njumu, soksi, nauli na hela kidogo ya kambini. Mwalimu wake alisema akifanya vizuri anaweza kuonekana na watu wa Mwanza, ambako wasichana wanasoma huku wanacheza.

Tulicheka. Hatuwezi kuficha. Mmoja wetu alisema, "Mayu, hizo ng'ombe za mahari zitaletwa na magoti yenye makovu?" Wengine tukapiga makofi kwa kicheko. Kisha tukafungua katiba. Katiba ilisema mkopo ni wa biashara, kilimo, ada na ugonjwa. Njumu hazimo. Tukamwambia mwenzetu akae.

Siku hiyo hiyo tulimkopesha mwingine 150,000 za vitenge vya sare ya harusi, na kwenye daftari tukaandika "biashara".

Yule mama hakugombana na mtu. Aliendelea kununua hisa kama kawaida. Binti hakwenda kambini. Alimaliza kidato cha nne, akajifunza ushonaji, akaanza kushona sokoni. Na mwaka 2022 akaja yeye mwenyewe kujiunga na kikundi.

Habari iliyotoka India

Oktoba 2022 timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda India kwenye Kombe la Dunia. Kabla yao hakuna timu yetu ya taifa ya mpira wa miguu, wavulana kwa wasichana, iliyowahi kufika Kombe la Dunia la FIFA. Mchezo wa kwanza walifungwa na Japani mabao 4 kwa 0. Wanaume wa kijiweni wakasema tulijua tu. Jumamosi ya tarehe 15 Oktoba wakacheza na Ufaransa, na kabla hatujalala habari ilikuwa imefika mpaka huku kwetu kwamba watoto wameshinda 2 kwa 1. Wakatoka sare ya 1 kwa 1 na Kanada, wakaingia robo fainali, ndipo wakatolewa na Kolombia kwa mabao 3 kwa 0.

Kwenye kikao cha Jumamosi ya tarehe 22 kila mtu alikuwa na la kusema juu ya watoto hao. Tulikuwa tunajisifu kana kwamba tumewazaa sisi. Ndipo binti yule akasimama. Alisema maneno machache tu: "Mama zangu, mwaka ule nilikuwa nje ya dirisha, nilikuja kumsubiri mama. Sikuumia kwa sababu ya hela. Hela mngeweza kukosa. Niliumia kwa sababu mlicheka."

Kikao kilinyamaza. Hata mhesabu pesa aliacha kuhesabu.

Mpira wa wanawake ulivyopigwa vita, na ulivyoinuka

Baada ya siku ile tulimwita mwalimu mmoja wa michezo wa hapa mjini, tukamwomba atueleze hao wasichana wanatoka wapi na wanafikaje huko. Alikuja Jumamosi tatu mfululizo. Haya tunayoandika hapa chini tumeyapata kwake, na mengine tumeyafuatilia wenyewe.

Kwanza tulijifunza kwamba kucheka hatukuanza sisi. Nchini Uingereza, ambako mpira huu ulitungiwa sheria zake, wanawake walikuwa wanacheza vizuri zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Tarehe 26 Desemba 1920 timu ya wanawake wa kiwandani, Dick, Kerr Ladies, ilicheza mjini Liverpool mbele ya watu wapatao 53,000. Mwaka uliofuata, 1921, chama cha mpira cha huko kikasema mchezo huo hauwafai wanawake, kikakataza klabu zake kuwapa viwanja. Katazo hilo likadumu karibu miaka 50. Kwa hiyo mtu akisema wanawake hawapendi mpira, tumuulize kwanza, viwanja vyao nani aliwanyang'anya?

Marekani walipita njia nyingine. Mwaka 1972 walitunga sheria kwamba shule na chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kisimbague mtu kwa jinsia yake. Sheria ilikuwa ya elimu, lakini iligusa na michezo. Vyuo vikaanza kuunda timu za wasichana na kuwapa nafasi za masomo kwa sababu ya mpira. Msichana anacheza, na chuo kinamlipia masomo yote au sehemu yake. Akishindwa darasani anasimamishwa kucheza mpaka ajirekebishe. Kombe la Dunia la kwanza la wanawake lilipochezwa China mwaka 1991, Marekani ndio waliolichukua, na wachezaji wao wengi walikuwa wametoka katika vyuo hivyo.

Msifikiri njia hiyo ni ya Wamarekani peke yao. Jirani yetu wa Uganda, Sandra Nabweteme, alikwenda kusoma chuo kikuu cha Southwestern Oklahoma State, akiichezea timu ya chuo. Mwaka 2018 akatoka hapo akaenda Iceland kucheza mpira wa kulipwa katika timu ya Þór/KA, na timu ya taifa ya Uganda, Crested Cranes, ameichezea. Yaani alitoka na vitu viwili, elimu na mguu. Hata mguu ukiumia, elimu inabaki.

Hapa kwetu Tanzania

Timu yetu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilifika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2010 huko Afrika Kusini, chini ya nahodha Sophia Mwasikili. Walipoteza michezo yote mitatu. Lakini fikirini, wakati ule hata Ligi Kuu ya wanawake nchini hatukuwa nayo. Ligi hiyo ilianza msimu wa 2016/17, na bingwa wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens. Baadaye wakatawala JKT Queens na Simba Queens. Mwaka 2022 Simba Queens walikwenda Morocco kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika wakashika nafasi ya nne.

Habari iliyotugusa zaidi ni ya Aisha Masaka, kwa sababu imepita karibu na mlango wetu. Alicheza Alliance Girls ya Mwanza, timu iliyotoka kwenye shule za Alliance. Mwanza ndiyo hiyo hiyo tunayokwenda kununua bidhaa, unapanda basi hapa Bariadi, unapita Lamadi na Magu, siku hiyo hiyo umefika. Kutoka Mwanza akaenda Yanga Princess. Mwaka 2022 akachukuliwa na BK Häcken ya Göteborg, Sweden, akiwa bado hajafikisha miaka 20. Msimu wa 2023/24 akawa Mtanzania wa kwanza mwanamke kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Agosti 2024 akasajiliwa na Brighton & Hove Albion ya Uingereza, nchi ile ile iliyowafungia wanawake viwanja mwaka 1921.

Wako na wengine. Opah Clement alitoka Simba Queens akaenda Uturuki. Julietha Singano alikwenda kucheza Mexico. Clara Luvanga alitoka Yanga Princess, akapita Hispania, akaenda Al Nassr ya Saudi Arabia. Na mwezi wa saba mwaka 2025 Twiga Stars walirudi fainali za Afrika huko Morocco, baada ya miaka 15. Hawakuvuka makundi, lakini walitoka sare ya 1 kwa 1 na Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi. Bao letu alifunga Opah Clement.

Tulichokiona

Tulipoziweka habari hizi pamoja tuliona jambo moja. Hakuna aliyelala mchezaji wa chandimu akaamka analipwa mshahara. Katikati pana shule, au timu iliyo kama shule, yenye mwalimu, kiwanja na ratiba. Na kabla ya shule pana mtu mzima nyumbani aliyetoa hela ndogo kwa wakati wake, bila kucheka. Hela yenyewe si ya kutisha. Ni njumu, nauli na ruhusa ya kuchelewa kuteka maji. Lakini ikikosekana mwaka ule mtoto ana miaka 15, huwezi kuja kumlipa akiwa na miaka 20.

Siyo kwamba binti yetu wa mwaka 2018 angefika Ulaya. Hakuna anayeweza kusema hivyo, wala yeye mwenyewe hasemi. Tunachosema ni kwamba sisi ndio tuliomfungia kabla mpira haujasema.

Tulichokifanya

Januari 2023 tulibadilisha katiba. Pale palipoandikwa "ada" sasa pameandikwa "elimu, pamoja na vifaa vya michezo na safari za michezo za shule". Mkopo wa namna hiyo hauna riba. Aidha, kila mwanachama huongeza shilingi 200 kwa kila kikao kwenye mfuko wa jamii kwa ajili hiyo. Haba na haba hujaza kibaba.

Tuliweka na masharti, maana hatutaki kuharibu watoto kwa jina la mpira. La kwanza, mtoto alete ripoti ya shule kila muhula. La pili, safari yoyote ya kulala nje iwe na mwalimu wa kike au mama wa kuwaangalia. La tatu, akija mtu na ahadi za kumpeleka mtoto mbali, mzazi asitie sahihi peke yake. Aje kwenye kikao, tusome pamoja, na tumuulize afisa michezo. Mwalimu alituonya kwamba mpira wa kulipwa ni kazi ya miaka michache, goti likiumia ndiyo basi. Ndiyo sababu shule inakuwa ya kwanza.

Mpaka sasa tumesaidia watoto 11, wasichana 8 na wavulana 3. Hatuna hata mmoja anayelipwa kwa mpira, tusije tukajisifu uongo. Mmoja yuko bweni Mwanza, kidato cha tatu, anasoma na kucheza. Wawili waliacha mpira, lakini shule hawakuacha. Mmoja alipata mimba. Zamani huo ndio ungekuwa mwisho wake. Lakini tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu mzazi kijana kurudi shuleni, naye alijifungua akarudi, na bibi yake, ambaye ni mwenzetu, ndiye anayelea mtoto.

Na binti wa dirishani? Cherehani yake bado iko sokoni. Jioni mara tatu kwa wiki anafunga kazi mapema, anakwenda kwenye kiwanja cha shule kufundisha wasichana wadogo. Mipira miwili ya kwanza aliikopa kwenye sanduku letu. Tulimwambia asirudishe. Alikataa, akarudisha yote kwa miezi minne, akasema mkopo ni mkopo.

Maneno ya mwisho

Wazazi wenzetu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, hatuwaambii kila msichana acheze mpira. Mwingine atataka ushonaji, mwingine udaktari, mwingine kulima pamba yake mwenyewe. Tunachowaomba ni kimoja. Mtoto akija na neno lake, hata kama hela huna, msikilize mpaka amalize. Akina baba mliokuja kusherehekea nasi, ombi hili ni lenu pia. Makovu ya magoti hayajamzuia mtu kuolewa. Mwangalieni mama yeyote aliyelima tangu utoto, magoti yake mmeyaona.

Yule aliyesema lile neno la ng'ombe mwaka 2018 ndiye mwenyekiti anayeandika ukurasa huu kwa niaba ya wote. Alishaomba radhi mbele ya kikao, na leo anaomba tena kwa maandishi ili ibaki.