Dome, Ngisi na Pweza: Historia Fupi ya Majina

Wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki huwapambanua wanyama watatu ambao mgeni huweza kuwadhania kuwa ni wa namna moja. Pweza ana minyiri minane wala hana mfupa. Ngisi ana minyiri minane na mingine miwili mirefu ya kunasia, na ndani ya mwili wake mna ufito mwembamba, mwangavu. Dome ana minyiri kama ya ngisi, lakini kiwiliwili chake ni kipana, na chini ya ngozi ya mgongo mna mfupa mweupe, mwepesi, unaofikichika kama chaki.

Upambanuzi huu haukuwa dhahiri siku zote kwa wataalamu wa Ulaya. Mwaka 1758 Linnaeus aliwatia wote watatu katika jenasi moja, *Sepia*, jina la Kiyunani lililopitia Kilatini. Ilikuwa mwishoni mwa karne ya 18 ndipo Lamarck alipowatenga. Hata baada ya hapo, Kiingereza cha kawaida cha karne ya 19 kiliendelea kumwita dome na pweza kwa neno moja, *cuttlefish*. Mchanganyiko huo ukaingia katika kamusi za zamani za Kiswahili na Kiingereza, ambamo pweza na ngisi walikutanishwa chini ya fasiri hiyo hiyo. Utata ulikuwa wa lugha iliyofasiri, si wa lugha iliyofasiriwa.

Kwingineko jina lilifuata matumizi. Waarabu humwita dome *habbar*, kutokana na *hibr*, yaani wino. Wajerumani husema *Tintenfisch*, samaki wa wino. Mshairi wa Kirumi Persius, katika karne ya 1, alilitumia neno *sepia* kwa maana ya wino wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 18, huko Dresden, Seydelmann alitengeneza kwa wino huo rangi ya kuchorea, na baadaye *sepia* ikawa jina la rangi ya hudhurungi ya picha za kale. Mnyama akasahauliwa, rangi ikabaki.

Kiswahili nacho chaweza kupatwa na usahaulifu wa namna nyingine. Mtunga kamusi anayeanza na neno la Kiingereza, akaridhika na kisawe kimoja, huandika ngisi na kumwacha dome nje. Anayeanza na mvuvi na samaki wake hupata majina matatu, na sababu ya kila moja.