Panya Anawakilisha Nini? Hoja ya Istilahi "Mnyama Kiwakilishi"

Anayetaka kueleza utafiti wa saratani kwa Kiswahili hukwama mapema, pale anapomtaja mnyama anayefugwa maabara ili ugonjwa wa binadamu uchunguzwe ndani ya mwili wake. Wapo wanaosema "mnyama wa mfano", wapo wanaosema "modeli ya mnyama", na wengi huridhika na "mnyama wa majaribio". Hili la mwisho latuambia mnyama anatumiwa wapi, lakini halisemi kwa nini ateuliwe yeye. La kwanza ndilo linaloingia masikioni kwa urahisi, na ndilo linalopotosha zaidi. Mkulima wa mpunga kule Ahero akisikia "shamba la mfano" anajua ni shamba la kuigwa. Mzazi wa Kondele akiambiwa mwanawe ni mwanafunzi wa mfano, anafurahi. Mfano wa namna hiyo hufuatwa na wengine. Kwa panya wa maabara mambo ni kinyume: yeye ndiye anayefanywa amfuate binadamu, na hamfuati hadi mwisho wa njia. Napendekeza tumwite "mnyama kiwakilishi". Sababu zangu nazitoa katika ugonjwa mmoja, saratani ya utumbo mpana na puru, na hasa katika jinsi inavyotoka ilikoanzia ikaenda kuota kwingine mwilini.

Saratani hii iliwapata watu takriban milioni 1.9 duniani mwaka 2022 na kuua kiasi cha laki 9, na wengi katika waliokufa waliuawa na uvimbe uliokwisha kufika mbali na utumbo. Damu itokayo kwenye utumbo mpana hupitia ini kwanza kabla ya kurudi moyoni, ndiyo maana ini huwa mahali pa kwanza ambapo seli zilizobanduka hutua. Sasa tuwatazame panya. Mwaka 1969, nchini Denmark, Rygaard na Povlsen walichukua saratani ya utumbo mpana ya mgonjwa wakaipandikiza chini ya ngozi ya panya wasio na manyoya, ambao huzaliwa bila tezi ya thaimasi na hivyo miili yao haina nguvu ya kuikataa nyama ngeni. Uvimbe ulikua. Lakini uvimbe uliopandikizwa chini ya ngozi kwa kawaida hubaki papo hapo. Mwaka 1990 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walitangaza panya aitwaye Min, mwenye hitilafu katika jeni ya Apc, ambayo kwa binadamu huwa imeharibika katika takriban asilimia 80 ya saratani za utumbo mpana. Panya huyu huota vivimbe vingi, ila vingi vyake viko kwenye utumbo mwembamba, naye hufa kabla saratani haijasafiri. Anayetaka kuiona saratani ikimea kwenye ini hudunga seli zake kwenye wengu wa panya, kwa kuwa damu ya wengu huingia moja kwa moja katika ini. Baada ya wiki chache ini limejaa vivimbe. Lakini safari yote ya mwanzo imerukwa: hakuna seli iliyojinasua kutoka kwenye uvimbe wa kwanza, wala iliyotoboa ukuta wa utumbo. Kwa hiyo yuko panya wa mwanzo wa uvimbe, na yuko panya wa kumea kwenye ini. Panya wa ugonjwa mzima ni adimu mno.

Hapa ndipo neno kiwakilishi linapofaa. Kila aliyepita shule ya msingi nchini Kenya amefunzwa kiwakilishi katika sarufi: neno linalosimama mahali pa nomino. Ukisema "yule amefika", msikilizaji atakuuliza, yule nani? Kiwakilishi hakijitoshelezi, na upungufu huo ndio ninaoutaka. "Panya kiwakilishi" akitajwa peke yake, msomaji atabaki na swali, na mwandishi atawajibika kulijibu: panya kiwakilishi wa uvimbe wa awali, au wa kumea kwenye ini, au wa jinsi dawa fulani inavyofanya kazi. "Mfano" hauna deni hilo. Husimama wenyewe na kuonekana umekamilika. Kwa nini nisiseme "mnyama mwakilishi"? Kwa sababu mwakilishi, kama mwakilishi wadi, ametumwa na watu na anaweza kuwasemea. Panya hakutumwa na mtu. Tena umbo la "ki-" linafaa pia kwa seli za mgonjwa zinazokuzwa katika kisahani, ambazo nazo zinasimama mahali pake.

Kuna atakayesema kwamba hoja hii inamvua panya thamani yote. Sivyo, na ushahidi mzuri unatoka Italia. Watafiti wa Torino walichukua vipande 85 vya saratani ya utumbo mpana iliyokuwa imefika kwenye maini ya wagonjwa, wakavipandikiza katika panya, na mwaka 2011 wakaeleza kuwa baadhi ya saratani zilizokaidi dawa ya cetuximab zilikuwa na nakala nyingi mno za jeni ya HER2. Ndani ya panya hao, kuizuia HER2 kwa dawa mbili pamoja kulizipunguza. Jaribio likahamia kwa watu: matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa kati ya wagonjwa 27, uvimbe ulipungua kwa wagonjwa 8. Panya hao walifaulu kwa sababu waliulizwa swali moja tu, kama dawa itaigusa saratani hii. Hawakuulizwa jinsi saratani ilivyolifikia ini, na wasingeweza kujibu.

Istilahi hii haiwezi kutengenea bila mwenzake. "Kuenea kwa saratani Kisumu" ni maneno yenye maana mbili: huenda wagonjwa wanaongezeka mjini, huenda ugonjwa unasonga ndani ya mwili wa mmoja. Kwenye mwambao wa ziwa hapa Kisumu, ambako kipindupindu kimewahi kuenea mara nyingi, msikilizaji atachukua maana ya kwanza, na anaweza hata kudhani saratani inaambukiza. Nashauri "kuenea" kubaki kwa jamii, na "msambao" kutumika kwa mwili, kwa kuwa ndugu wa mgonjwa tayari husema "imesambaa". "Kuhama" hakufai, kwani anayehama huacha alikotoka, na saratani haiachi. Inafanana zaidi na magugumaji ya Ghuba ya Winam: fungu mama linabaki, kipande kinakatika, upepo unakipeleka kwenye hori jingine, nacho kikikuta maji yenye rutuba kinazaana. Daktari Stephen Paget wa Uingereza alilisema jambo hili mwaka 1889 kwa lugha ya mbegu na udongo, akisisitiza kuwa mbegu huota tu pale udongo unapoikubali.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba panya hawa wako Ulaya na Marekani, basi sisi wa kando ya ziwa neno hili tunalitakia nini? Jibu liko karibu. Kimelea kikuu cha malaria ya huku, Plasmodium falciparum, hakimshiki panya wa kawaida wa maabara. Panya hupewa Plasmodium berghei, kilichopatikana Katanga mwaka 1948 katika panya wa mitini. Ndiyo maana chanjo ya RTS,S haikuweza kuthibitishwa kwa panya. Ilibidi ijaribiwe kwa watoto, wakiwemo wa Kombewa na Siaya, kabla ya Kenya kuanza kuitoa Homa Bay mwaka 2019. Mzazi anayeombwa ridhaa akiambiwa "imefaulu kwa wanyama" ana haki ya kujua wanyama hao waliwakilisha nini. Wengine watasema Kisumu ni mji wa Dholuo. Ni kweli, na fomu za Dholuo ni lazima ziwepo. Lakini katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wengi bado huiita Russia, hulala pia Waluhya na Wakisii, na Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Katiba ya 2010. Kuhusu "modeli", sina chuki na maneno ya kukopa. Ninachokataa ni neno linalomwezesha mwandishi kupita bila kueleza. Hata "panya" lenyewe linahitaji uangalifu, maana Kiswahili huwaita hivyo mnyama wa gramu 25 na yule wa gramu 300, ilhali maabara huwatenganisha kabisa.

Nawaomba wanaotafsiri fomu za ridhaa na wanaoandika habari za afya: kila mnapoandika "mnyama kiwakilishi", andikeni papo hapo anawakilisha nini. Mkishindwa kukitaja, rudini kwa mtafiti mkamuulize kabla mgonjwa hajatia sahihi.