Nanasi Kwenye Kopo la Rangi

Ndugu msomaji, wewe wa Kinondoni au Kariakoo ukisikia kuna mtu wa Gulwe anatunza nanasi ndani ya nyumba kama ua, utacheka. Nimeshachekwa sana, sina neno. Gulwe ni stesheni ya Reli ya Kati, wilayani Mpwapwa, nchi ya mtama, uwele na vumbi. Mvua huanza karibu na Desemba, Mei ikifika imekwisha, na kinachobaki ni upepo. Nanasi hapa tunaliona limeshakatwa, limekuja kwa safari. Lakini kile kishungi cha majani unachokitupa jalalani ndicho ua la ndani lililo rahisi kuliko yote, na historia yake ni ndefu kuliko ya reli yenyewe.

Tuanze na ukoo. Wataalamu wa mimea wanauita ukoo wa bromelia, kwa heshima ya Olof Bromelius, tabibu wa Sweden wa karne ya 17. Una aina zaidi ya 3,000, na zote asili yake ni bara la Amerika, isipokuwa moja tu inayoota kwenye miamba ya Guinea, Afrika Magharibi. Watu wengi hudhani mkonge na mshubiri ni ndugu zake kwa vile majani yao nayo yana miiba na yamekaa duara. Si ndugu kabisa. Mkonge huu wa mashambani ni mgeni wa Mexico, aliyeletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf: miche 1,000 ilisafirishwa, ikafika hai 62 tu. Nanasi halikuandikiwa hesabu nzuri namna hiyo. Columbus alilikuta kisiwani Guadeloupe mwaka 1493, kisha Wareno wakalitoa Brazil na kulitawanya katika bandari zao. Hata neno nanasi mzizi wake ni wa Watupi, wenyeji wa Brazil. Limevuka bahari hadi likafika kwetu, na leo tunalitamka kana kwamba lilizaliwa Bagamoyo.

Kule Ulaya baridi ililiua. Basi matajiri wakajenga nyumba za vioo, wakachochea moto usiku na mchana ili tunda moja liive. Agneta Block, mwanamke wa Kiholanzi, alifanikiwa mwaka 1687 na watu wakashangaa. Kwa hiyo huu mtindo wa kufuga bromelia ndani ya nyumba ulianza kama majivuno ya wenye pesa, tusidanganyane. Katika karne ya 19 zikafuata jamaa zake zenye maua mekundu na ya waridi, Guzmania, Vriesea na Aechmea, ambazo siku hizi unaweza kuziona hadi kwenye vitalu vya Dar es Salaam na Nairobi.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha moshi. Visiwani Azores, mwaka 1874, iligundulika kwamba mananasi ya nyumba za vioo yakifukizwa moshi huchanua mapema. Jibu likaja mwaka 1932, mtafiti aitwaye Rodríguez alipoonyesha huko Puerto Rico kwamba ndani ya moshi kuna gesi ya ethilini, na ndiyo inayoliamsha ua. Gesi hiyohiyo hutoka kwenye ndizi inayoiva. Sasa mwambie bibi anayevumbika ndizi kwa moshi kwamba huo ni ugunduzi wa karne ya 20, usikie atakavyokujibu!

Lakini kilichonishikisha kalamu ni maji. Bromelia nyingi zimeumbwa kama kikombe: majani yanabanana shinani, mvua ikinyesha yanaikinga na kuiweka pale katikati, na mmea unakunywa kupitia majani yenyewe. Nanasi nalo linakinga maji kwenye makwapa ya majani yake. Tena linafungua vinyweleo vyake usiku, kukiwa kumepoa, na mchana wa jua kali linavifunga. Hii ni akili ya nchi kavu.

Ardhi yetu je? Mtafiti R. R. Staples alipima jambo hili hapahapa Mpwapwa miaka ya 1930, kwenye vipande vya ardhi ya mteremko. Penye udongo mtupu, nusu ya mvua ilikimbia, ikaondoka na udongo tani 146 kwa hekta kwa mwaka. Shamba la nafaka lilipoteza robo ya mvua na udongo tani 78. Penye nyasi ilikimbia asilimia 1.9 tu, na kwenye kichaka kisichoguswa asilimia 0.4, udongo ukatulia palepale. Kile kichaka ambacho mtu wa mjini akipita na treni anakiona takataka, ndicho kikombe chetu.

Tumekifyeka na tunaendelea. Maji yakikosa wa kuyashika yanashuka vilimani na kuingia mto Kinyasungwe, unaofuatana na reli kuelekea Kilosa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalilivunja tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikakatika kwa miezi. Halafu miezi michache baada ya mafuriko, foleni ya ndoo kisimani. Ndipo jirani ananiuliza: wewe, maji yanatafutwa kwa shida hivi, unamwagilia ua? Swali lake ni la haki. Namwonyesha kikombe cha chai. Nusu ya hicho kwa wiki, basi.

Hata hivyo maji yaliyosimama yana gharama yake. Kisiwani Trinidad, katika miaka ya 1940, malaria ilisumbua sana kwa sababu mbu walizaliana ndani ya bromelia zilizoota juu ya miti ya kivuli kwenye mashamba ya kakao. Ikabidi zinyunyiziwe mruturutu. Mwaka 2016, wakati wa homa ya Zika, mji wa Miami Beach uling'oa bromelia kwenye bustani zake. Nasi Dar es Salaam tumeijua dengi, mwaka 2014 na tena 2019. Kwa hiyo ukiwa na zile za kikombe kikubwa, kila wiki pindua chungu, mwaga maji ya zamani, tia mapya. Usione uvivu.

Kishungi chenyewe kizungushe kwa mkono mpaka king'oke, ondoa nyama yote ya tunda, banyua majani machache ya chini, kisha kiache kivulini siku kadhaa kikauke. Udongo uwe mchanga na samadi kavu kidogo, kopo liwe na matundu. Langu ni kopo la rangi, lipo dirisha la mashariki linapopata jua la asubuhi. Maji ya visima vya huku mengi yana chumvi, yanaacha utando mweupe kwenye majani, kwa hiyo mimi naweka kando maji ya mvua kwenye dumu lenye kifuniko. Na usilihurumie likakaa kwenye matope, mizizi itaoza.

Litachukua miaka miwili au zaidi kuchanua, na tunda la kopo huwa dogo, la kuonja. Likitaka kuzembea, lifunike na ndizi mbivu ndani ya mfuko wa plastiki siku chache. Bromelia huchanua mara moja tu, kisha shina mama linaanza kufa taratibu, huku pembeni vinatokeza vitoto. Usiwe na haraka navyo. Kimoja kikifika nusu ya kimo cha mama, kikate kwa kisu kikali, acha jeraha likauke, ndipo utafute kopo lingine.