Tumbo Tupu Barabarani: Historia ya Kula katika Triathloni Ndefu

Kwetu Rwanda mtu mzima hali njiani. Ukinunua andazi sokoni, unalifunga, unalipeleka nyumbani, unakaa ndipo unakula. Nimelelewa hivyo. Kwa hiyo nilipoanza kujiandaa kwa triathloni yangu ya kwanza, kilichonishinda hakikuwa ziwa wala mlima, bali ndizi mkononi huku watu wakinitazama.

Triathloni ni mashindano ya kuogelea, kisha kuendesha baiskeli, kisha kukimbia, yote kwa mfululizo. Tangu mwaka 2022 mji wetu wa Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, umekuwa mwenyeji wa yale yanayoitwa Ironman 70.3: kuogelea mita 1,900, baiskeli kilomita 90, mbio kilomita 21.1. Hiyo ni nusu tu ya safari kamili. Nilifungua historia ya mchezo huu nikitafuta mbinu za mazoezi, nikakuta habari za watu wenye nguvu nyingi walioangushwa na njaa na kiu.

Mchezo wenyewe ulizaliwa California, katika ghuba ya Mission Bay mjini San Diego, mwezi Septemba 1974. Miongoni mwa walioshiriki siku ile walikuwa John Collins, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, na mkewe Judy. Baadaye wakahamia Hawaii, na huko mwaka 1977 ukazuka ubishi wa wanamichezo: nani mwenye pumzi zaidi, mkimbiaji, mwogeleaji au mwendesha baiskeli? Collins akapendekeza waunganishe mashindano matatu ya kisiwa cha Oahu yawe moja: kilomita 3.8 baharini, 180 kwa baiskeli, na maratoni nzima. Tarehe 18 Februari 1978 wanaume 15 waliingia majini, wakamaliza 12. Gordon Haller alishinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58.

Lakini mimi namkumbuka zaidi wa pili, John Dunbar. Siku hizo hapakuwa na meza za maji njiani. Kila mshindani alikuja na wasaidizi wake, wakimfuata na gari. Maji yao Dunbar yakawaishia wakati wa maratoni, wakampa bia. Haller akampita.

Tungeweza kudhani kwamba wakati huo elimu ya chakula cha michezo haikuwepo. Ilikuwepo, tena tangu miaka 12 nyuma. Mwaka 1966 madaktari wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijifanyia jaribio wenyewe. Walikaa kila mmoja upande wake wa baiskeli moja isiyokwenda, kila mmoja akikanyaga pedali kwa mguu mmoja hadi ukachoka kabisa. Kisha kwa siku tatu wakala vyakula vya wanga kwa wingi, wakawa wanachomoa kwa sindano vipande vidogo vya msuli kutoka miguu yote miwili. Mguu uliofanya kazi ulijaza glikojeni, yaani akiba ya wanga ya msuli, karibu mara mbili ya ule uliopumzika. Mwili ule ule, sahani ile ile. Kwa maneno mengine, mazoezi ndiyo yanayofungua ghala, na chakula ndicho kinacholijaza. Kimoja bila kingine hakifiki mbali. Nadhani hakuna aya ya fiziolojia iliyonifaa kuliko hiyo.

Februari 1982 somo hili lilionekana kwenye televisheni ya Marekani. Julie Moss alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 23, aliyekwenda Hawaii kwa ajili ya utafiti wake wa kumalizia masomo. Alikuwa anaongoza wanawake wote. Karibu na mwisho wa maratoni, miguu ikakataa. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, na mita za mwisho akatambaa kwa mikono na magoti. Kathleen McCartney alimpita karibu kabisa na mstari, akashinda kwa sekunde 29. Picha hizo ziliutangaza mchezo kuliko ushindi wowote wa kabla yake. Watazamaji waliona ujasiri, nao ulikuwepo kweli. Mimi naona pia ghala tupu.

Wala si kosa la wageni peke yao. Paula Newby-Fraser, aliyezaliwa katika mji unaoitwa leo Harare, alikuwa ameshashinda Hawaii mara saba alipoingia mbio za 1995. Karen Smyers alimkaribia, naye kwa kuogopa kupoteza sekunde akaviruka vituo vya maji na chakula. Alianguka akiwa karibu kuuona mwisho, akalala chini muda mrefu, akamaliza wa nne. Mwaka uliofuata alirudi na kushinda mara ya nane.

Kuhusu mazoezi nitasema machache, maana hapo historia inanielekeza njia moja: polepole. Mark Allen alishindwa Hawaii mara sita kabla ya kushinda mwaka 1989, na sehemu kubwa ya mazoezi yake ilikuwa ya mwendo wa chini, akichunga mapigo ya moyo yasipande.

Mimi nilikuwa nimeshasoma hayo yote siku nilipotoka Musanze kwenda Rubavu kwa baiskeli nikiwa na chai tu tumboni. Nilijua habari za Moss, na bado niliona aibu kufunga viazi mfukoni. Kwenye miinuko ya Jenda macho yaliingia giza, mikono ikatetemeka, nikakaa ukingoni mwa barabara nisijue nimefikaje pale. Mama mmoja muuza viazi alinitazama, akasema, "Mwanangu, wewe huumwi, una njaa." Akaniingiza ndani kwake, akafunga mlango, ndipo akanipa viazi vya kuchemsha na chumvi. Hata yeye hakutaka nile mbele za watu.

Siku hizi washindani wengi hula gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa, na huchanganya chumvi, kwa sababu maji matupu yakizidi nayo hudhuru. Kwangu hiyo ni ndizi mbili au tatu kwa saa, au viazi vidogo na chumvi. Jumamosi ijayo narudia njia ile ile, mifuko ikiwa imejaa. Mama yangu bado hajakubali. Anasema kama ni lazima nile juu ya baiskeli, nipite Mukamira kwanza, ambako hakuna anayetujua.